Naipenda Masaka, mji ambao jeshi letu liliubomoa

Sisi watu wa Kagera tumelelewa na hadithi moja ya Uganda, tena imenyooka kweli. Nduli Amin alituvamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Askari wake wakaswaga ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, wakaua watu, wakalipua daraja la Kyaka. Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwa vijana wetu na Waganda waliopigana nao bega kwa bega. Basi, makofi.

Kati ya Kyaka na Kampala kuna Masaka, ninakoishi, na hadithi yetu huupita mji huu kama basi la usiku. Februari 1979 jeshi letu liliupiga kwa mizinga, na hata baada ya kuuteka likaendelea kuangusha majengo, kulipiza kisasi cha Kagera. Magofu yake yalisimama miaka na miaka. Nyumbani sikufundishwa hili darasani hata mara moja. Na watu wa hapa ndio walioonja ukatili wa Amin mapema: Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, mzaliwa wa upande huu, alikamatwa mahakamani Septemba 1972, akauawa.

Mama mwenye nyumba ninayopanga, ambaye mtaa mzima humwita jjajja, yaani bibi, ndiye aliyenifungulia kurasa hizo. Tulikuwa jikoni, yeye anafunua majani ya migomba kwenye sufuria ya matoke, mvuke umemjaa usoni, akaniuliza kwetu ni wapi hasa. Nikamwambia Kyaka. Akacheka. "Mlikuja kutukomboa, mwanangu, mwebale nnyo, asanteni sana. Lakini kuta za duka la baba zilikuwa zimewakosea nini?" Nikakosa la kusema. Akanipakulia matoke, akamwaga mchuzi wa karanga juu yake, akaendelea na habari za bei ya mkaa.

Ndugu zangu wa Bukoba watanuna, lakini nitalisema: Mtanzania anayeishi Uganda avue sare ya ukombozi. Nimewasikia wenzetu, wakizidiwa na ubishi wa bei au wa mpira, wanatupa lile neno la "sisi ndio tuliowaondolea Amin." Kweli tulimwondoa, na nchi yetu ililipa gharama kubwa, makaburi ya askari wetu kule Kaboya, Kagera, yanatosha kuwa ushahidi. Ila aliyetuvamia ni Amin na jeshi lake. Huyu anayekuuzia nyanya alikuwa mateka wake tangu Januari 1971, miaka saba kabla yetu sisi kuvamiwa.

Hata Kiswahili chetu hapa kina deni. Katika teksi (ndiyo daladala yetu, msije mkapotea) nikiongea kwa simu, wazee wengine hugeuka. Kwa wengi wa umri wao hii ilikuwa lugha ya vizuizi barabarani, ya mtu mwenye bunduki anayetaka kitambulisho. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini karatasi haiondoi hofu ya mtu. Vijana hawana shida nayo. Wanaichanganya na Luganda wapendavyo, na mimi kwa Kihaya changu naelewa nusu ya Luganda kabla sijafundishwa.

Nyumbani kuna mambo ninayoyakumbuka. Dukani huoni mlinzi na bunduki mlangoni. Hapa hata duka la vitambaa linaye. Hapa uchaguzi ukikaribia watu hununua unga wa ziada, na Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima. Hayo siyapambi.

Lakini tuongee na uzuri. Nyendo, hapa hapa Masaka, asubuhi, kijana anapiga mayai kwenye kikombe cha plastiki pamoja na kabichi na nyanya, anayamwaga kwenye chuma cha moto, anabandika chapati juu yake, anaikunja, anakupa imefungwa kwenye gazeti. Chipsi mayai yetu, samahani, inasubiri. Na Waganda wana ulimi! Wanamcheka mkubwa yeyote, wanajicheka wenyewe, wanakusimulia msiba wa mwaka 1979 na mzaha ndani yake, bila kukutaka uombe radhi wala kukuruhusu usahau. Sisi tumezoea kushusha sauti tukifika kwenye siasa. Hapa ndipo nilipojifunza kubishana na mtu mzima bila kugombana naye.

Nyumbani wananiuliza nitarudi lini. Nimewaambia waje wao, Novemba, senene wakianza, waone mapipa na mabati ya kuwategea na zile taa kali zinavyowaka vilimani usiku kucha. Nitawapeleka kwa jjajja wale washibe. Sharti langu ni moja: mjomba asimwanzie habari za kumpiga nduli mpaka amsikilize kwanza habari za duka la baba yake.