Ultrasaundi na kipande cha tishu kilichofukiwa kooni

Mgonjwa aliyeondolewa koromeo kwa sababu ya saratani hujengewa njia mpya ya chakula kwa ngozi ya paja, ya mkono, au kwa kipande cha utumbo mwembamba. Kipande hicho, kiwe ngozi au utumbo, hutolewa pamoja na ateri yake, mshipa unaokiletea damu, na vena yake, mshipa unaoiondoa, kisha daktari huziunga na mishipa ya shingo kwa uzi mwembamba, akitazama kwa hadubini. Damu ikigandia kwenye maungio hayo, jambo linalotokea zaidi ndani ya saa 72 za kwanza, kipande hufa.

Kingekuwa nje, muuguzi angekiona kikigeuka zambarau vena inapoziba, au kikipauka na kupoa ateri inapoziba. Kooni hakionekani, na hapo ndipo linapozuka swali la namna bora ya kukichunguza. Shingo ikishavimba au mate yakianza kuvuja kidondani, mara nyingi muda wa kukiokoa umekwisha.

Wanaotetea ultrasaundi ya rangi, yaani picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha kwa rangi damu inavyotiririka, wana hoja nzito: haina mionzi, haichomi, na hufanyika pale pale kitandani. Inaonyesha ateri ikidunda na vena ikirudisha damu, hata damu iliyovuja na kukandamiza mishipa. Kwangu, vena ndiyo kiini cha suala lote, kwa kuwa ndiyo inayoziba mara nyingi zaidi. Ateri inaweza kuendelea kudunda kwa muda huku damu haina pa kutokea. Dopla ya mkononi, kifaa kidogo kinachogeuza mtiririko wa damu kuwa sauti bila picha, itasikika vizuri tu, tena huenda sauti yenyewe ni ya ateri kubwa ya shingo iliyo jirani, na kila mtu akaridhika.

Lakini picha hutegemea mkono wa anayepima. Bonyeza kidogo kupita kiasi, vena inalala na skrini inaonyesha hakuna mtiririko. Legeza, rangi inarudi. Hewa chini ya ngozi na uvimbe navyo huficha mishipa. Tena kipimo cha saa nne usiku hakisemi lolote kuhusu saa nane. Ndiyo maana wengine hupendelea waya wa dopla unaofungwa kwenye vena yenyewe na kusikiliza mfululizo, ingawa ukichomoka hunyamaza na mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji bure. Wengine huacha kijisehemu cha kipande hicho nje ya shingo kama dirisha, nacho hakisemi kweli daima.

Mimi naegemea ultrasaundi, kwa ratiba katika siku hizo tatu na kila shaka inapozuka, ila isimwondoe muuguzi anayekagua kila saa. Picha ikiwa safi na shingo inazidi kuvimba, ifunguliwe. Utumbo hauvumilii saa nyingi bila damu. Na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji, daktari aliyeunga vena aweke alama juu ya ngozi inapopita, ili daktari wa zamu ya usiku ajue pa kuweka kifaa.