Usipigane na maji ya kisima chako, wapo samaki wanaoyataka

Desemba iliyopita, jioni, mtoto wa jirani alibisha hodi akiwa amekumbatia dumu la lita tano lililokatwa shingo. Ndani mlikuwa na samaki wawili wa dhahabu. Mmoja amelala ubavu, mwingine kapanda juu kabisa, mdomo nje ya maji, anahema kama aliyekimbizwa.

"Shikamoo anti. Mama kasema wewe unajua samaki. Hawa wanaumwa nini?"

"Marahaba. Umewanunua lini?"

"Jumapili. Tuliambiwa tuweke maji tu."

Ilikuwa Alhamisi. Nikainama nikanusa: harufu ya mkojo uliolala. Chini kulikuwa na punje za wali na makombo ya mkate. Nikamwambia, "Hawaumwi, baba. Maji ndiyo yanaumwa." Yule wa ubavuni hakufika asubuhi.

Naandika kwa ajili ya mtoto huyo, na kwa wote waliouziwa bakuli la mviringo la lita tatu, samaki wawili na kipakti cha chakula, wakaambiwa hiyo ndiyo akwariamu. Inaniuma kila ninapoyaona mabakuli yale yamepangwa. Samaki wa dhahabu akilelewa vizuri hufika sentimita ishirini na kuishi zaidi ya miaka kumi. Asili yake ni maji ya baridi. Sisi tunamweka kwenye lita tatu, sebuleni Dar es Salaam, mwezi wa pili, joto la nyuzi 31, halafu akifa tunasema hana bahati. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita, ya nyuzi 30 hubeba kama saba na nusu. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo samaki anavyohitaji hewa zaidi, na ndivyo anavyoipata kwa shida.

Ila joto si muuaji mkubwa. Muuaji mkubwa ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua yake saa zote, na chakula kilichobaki kikioza kinaiongeza. Ziwani inapotea kwenye maji mengi. Ndani ya kioo inabaki hapo hapo mpaka waje bakteria wa kuila. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, na hiyo samaki anaivumilia ikiwa kidogo, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya filta, kile kifaa cha kuchuja maji, mchangani na kwenye mawe. Kwenye tangi jipya hawapo. Kujijenga kwao huchukua wiki nne hadi sita, na huo muda ndio watu wengi hawataki kuusubiri.

Anayejua kugandisha maziwa ataelewa haraka. Ukitaka mtindi ugande upesi unatia kijiko cha mtindi wa jana. Na tangi ni vivyo hivyo: mtafute mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, umwombe akukamulie sponji yake ndani ya tangi lako. Yale maji machafu ya kahawia yanayotoka ndiyo mali. Kama humjui mtu wa namna hiyo, washa filta, dondosha kila siku chembe mbili tatu za chakula cha samaki kwenye tangi tupu, uache vioze, usubiri. Vipo vipimo vya matone vinavyobadilika rangi, na ukiweza kununua kimoja tu, nunua cha amonia. Ikipanda kisha ikashuka hadi sifuri, usishangilie bado, maana nitriti huwa ndipo inapopanda. Nayo ikishuka, lete samaki wachache.

Kosa lililonifundisha haya lilinigharimu. Mwaka wangu wa pili wa kufuga niliiona sponji imejaa uchafu, nikaipeleka bombani nikaisugua mpaka ikang'aa. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa kuua bakteria. Siku ya tatu maji yaliingia ukungu mweupe, ya tano nikawa nimetoa samaki saba waliokufa. Tangu siku hiyo sponji yangu naikamua ndani ya ndoo yenye maji niliyoyatoa tangini, basi. Na maji ya bomba, ninapoyaongeza, hulala kwanza kwenye pipa lisilo na mfuniko siku mbili, jiwe la hewa likitoa viputo ndani yake, ili klorini iondoke.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nyumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam, mbali na bomba la mji, tunatumia zaidi kisima kirefu. Sabuni haitoi povu, na birika la chai baada ya mwezi huwa na ukoko mweupe kama chokaa. Kwa mama mfua nguo ni kero. Kwa miaka mingi hata mimi niliona ni kero, nikawa nahangaika kuyalainisha maji hayo kwa ajili ya samaki wa Amazoni niliokuwa nikiwaona kwenye picha: nachanganya maji ya mvua, nachemsha majani makavu ya mkungu, napima asubuhi na jioni. Samaki wale wadogo wa neon walitoka kwenye maji laini yenye asidi, maji yangu ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, na PH yake, kipimo cha asidi ambacho katikati yake ni 7, ni 8.3. Nilikuwa napigana na mwamba ulioko chini ya nyumba yangu.

Kisha nikasoma juu ya Ziwa Tanganyika. PH yake inakaribia 9. Maji yake ni magumu, joto lake juu juu ni nyuzi 24 hadi 29 mwaka mzima. Kina chake ni mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal pekee. Wanaishi humo samaki wa jamii ya sato zaidi ya aina 200 ambao karibu wote hawapatikani popote pengine. Ukifungua orodha ya wafugaji wa Ujerumani au Marekani utakuta samaki wanaitwa Kigoma, Ikola, Kipili, Moba, kwa majina ya pwani walikovuliwa, kwa sababu mwamba mmoja na mwingine wana samaki wa rangi tofauti. Mtu aliyeko kwenye theluji ya Ulaya anatia chumvi za madini kwenye maji yake laini ili yafanane na ya Kigoma. Mimi maji ya namna hiyo yalikuwa yananitoka kisimani, na nilikuwa nayaharibu.

Ndiyo maana nawaambia watu: anza na maji uliyonayo, halafu umtafute samaki wake. Sabuni ikikataa povu na birika likishika ukoko, una maji ya Tanganyika, ya mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, au ya gapi, samaki wadogo ambao ni wepesi zaidi kwa anayeanza. Lakini yaonje kwanza. Ugumu wa chokaa ni jambo moja, chumvi ya bahari iliyoingia kisimani ni jingine. Yakiwa na ladha ya chumvi kabisa, yachanganye na ya bomba au ya mvua. Aliyeko Nairobi, kwenye maji laini yanayoshuka kutoka milima ya Aberdare, ndiye wa kufuga wale wa Amazoni, ila anunue hita, maana Julai usiku huko si mchezo.

Tangi langu la sasa lilitengenezwa na fundi vioo wa mtaani: sentimita 80 kwa 35 kwa 40, kioo cha milimita 6, silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Hapo msisitize fundi, kwa sababu ile ya bafuni ina sumu. Likijaa ni lita 112 kabla ya mchanga na mawe, kwa hiyo uzito wake na vilivyomo unafika kama kilo 150. Usiliweke juu ya kabati la televisheni. Langu liko kwenye meza ya chuma niliyochomelewa, chini yake kuna kipande cha godoro jembamba la povu, mbali na dirisha la jua. Tangi kubwa ni rahisi kulea kuliko dogo, na hili watu hawaliamini mpaka wajaribu: maji mengi hubadilika polepole, hukupa nafasi ya kurekebisha kosa.

Humo nina samaki ambao sijawahi kuwachoka. Jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus. Dume hafiki sentimita tano. Wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyotapakaa sakafuni mwa Ziwa Tanganyika, kila mmoja na kombe lake. Mimi niliwaokotea makombe ya konokono wa bustani, yale madogo, nikayachemsha na kuyasugua. Siku ya kwanza dume alichagua moja, akaanza kuchota mchanga kwa mdomo, anatema pembeni, anarudi, anachota tena. Kufika jioni kombe lilikuwa limezama, mlango tu ndio unaonekana. Nikitia mkono kusafisha kioo, anautokea na kuugonga kidole. Wiki ya tisa niliona kitu kama punje ya mchele kinatingishika mlangoni kwa jike. Kikaingia. Vikatoka viwili. Niliita nyumba nzima.

Chakula ni kidogo, mara moja au mbili kwa siku, wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Siku moja kwa wiki siwapi kitu. Jumamosi nawasagia dagaa wa Kigoma wasiotiwa chumvi, unga mwembamba kabisa, ncha ya kisu. Wanapenda sana viluwiluwi vya mbu, na kuvipata kwetu ni kuacha ndoo ya maji nje tu, ila ndoo hiyo uwe na nidhamu nayo. Ukisahau siku kumi umefuga mbu wa dengi, na mtaa hautakushukuru. Wali, mkate na ugali, hapana.

Kila Jumapili natoa robo ya maji kwa mpira, nikifyonza uchafu wa mchangani, narudisha mengine yenye joto lile lile. Sibadilishi maji yote kamwe. Kazi yote ni dakika 20.

Umeme ndio mtihani wetu. Filta ikisimama, hewa ndani ya maji inapungua, na bakteria wa kwenye sponji nao wanaanza kufa baada ya saa kadhaa. Nunua pampu ndogo ya hewa yenye betri ya kuchaji, ni kitu cha kwanza baada ya filta. Ikikosekana, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu yakipiga uso wa tangi, mara ishirini, kila baada ya nusu saa. Usiwalishe mpaka umeme urudi. Joto likipita nyuzi 30, feni ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu.

Kuna jambo moja nalishikilia kwa moyo wote. Ukichoka kufuga, samaki usimwage mtoni wala bwawani. Mpe mfugaji mwingine. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu, samaki wadogo waliokuwa humo pekee, zilikuwa zimetoweka au kubaki kwa kubahatisha. Baadhi ya furu hao leo wanaishi kwenye matangi ya ng'ambo. Na usiende mwenyewe kuvua wa mapambo ziwani bila kibali. Wanaozaliana tangini kwa mfugaji huwa wameshazoea kioo, hawana majeraha ya wavu, na ziwa linabaki na wake.

Yule mtoto wa jirani samaki wake wa pili alipona kwenye ndoo yangu kubwa, na amepata makao kwa mtu mwenye bwawa kivulini, Goba. Kwao sasa kuna tangi la lita 60 ambalo baba yake alilinunua mkononi. Lina mchanga, mawe, filta inayobubujika, wala hakuna samaki. Wiki ya tatu hii. Kila jioni anakuja kuniambia rangi ya kipimo. Juzi ilikuwa kijani, yaani amonia ingalipo, jana kijani kidogo. Jumamosi atakuja na ndoo nimkamulie sponji.