Una kadi ya bima, unataka nini tena?

Maneno hayo niliyatamka mimi, tena kwa upole. Nilimwambia afisa ugani mmoja aliyeingia ofisini kwangu akitembelea magongo, mguu wa kulia umefungwa hogo kutoka kwenye unyayo hadi juu ya goti. Alikuwa anatoka kwenye shamba darasa, pikipiki ikamteleza kwenye mchanga wa korongo, yeye akaangukia upande wa pili na pikipiki juu yake. Alikuja kuuliza kama kuna fomu yoyote ya kujaza kwa mtu aliyeumia kazini.

Wakati huo nilikuwa afisa utumishi wa halmashauri moja ambayo sitaitaja. Mezani kwangu mafaili ya kupandisha watu madaraja yalikuwa yamefika usawa wa kidevu. Nikatazama lile hogo: mtu ametibiwa. Nikakumbuka mshahara: haujasimama. Nikamuuliza, una kadi ya bima, unataka nini tena?

Akashukuru, akaondoka. Laiti angebisha, ningelala vizuri zaidi.

Nimeacha kazi ile, lakini swali hilo bado nalisikia likiulizwa karibu kila ofisi ya umma ninayokanyaga. Anayeuliza huwa si mtu mbaya, ni mtu ambaye kwa macho yake hakuna kilichoharibika.

Kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mtumishi anaichangia asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3 nyingine. Inatibu malaria ya mtoto, inamlaza mke wodi ya wazazi, na ikibidi inalipia hogo. Lakini ukishafunguliwa hogo na goti likagoma kukunja, kadi haina la kukuambia. Haikuulizi ulivunjikia wapi, kama ulikuwa unacheza mpira Jumapili au unakagua viwavijeshi kwenye mahindi ya watu siku ya Jumatano. Kwa bima ya afya huo ni mguu tu.

Kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hilo ndilo swali la kwanza: je, kuumia huku kumetokana na kazi, na kumetokea mtu akiwa kazini? Mfuko huu ulizaliwa na sheria ya mwaka 2008, ukaanza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016, kwa Tanzania Bara, wa serikalini na wa sekta binafsi pamoja. Mchango ni wa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti tano. Serikali imekuwa ikichangia asilimia 0.5 ya mshahara tangu mwanzo. Waajiri binafsi walianza na asilimia 1, mwaka 2021 ikashuka hadi 0.6, na tangu Julai 2022 nao wako kwenye 0.5.

Yaani yule bwana wa magongo alikuwa ameshalipiwa, mwezi baada ya mwezi. Aliponiulizia fomu alikuwa anaulizia mali yake, mimi nikamsikia kama mtu anayeomba msaada.

Na mafao yenyewe si ya kubeza. Mfuko unalipia matibabu. Mtu akishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipa asilimia 70 ya mshahara. Akibaki na ulemavu wa kudumu, unapimwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo humpa pensheni kila mwezi. Kuna utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arudi kwenye kazi na maisha yake, kuna malipo ya anayemhudumia mtu asiyejiweza, kuna msaada wa mazishi, kuna malipo ya wategemezi. Wazee wetu walioumia chini ya sheria ya zamani, ile tuliyorithi kwa Mwingereza, kiwango cha juu kabisa cha ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Hela ya matairi mawili ya bodaboda. Kwa hiyo naelewa kwa nini mabosi wa zamani hawakusumbuka kujaza makaratasi. Wa leo wana sababu gani?

Mimi nadhani ninaijua, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Mwajiri wa umma hana mfuko wake unaouma. Chukua mwenye kiwanda cha mabati. Kijana wake akikatwa vidole viwili na mashine, bili ya hospitali inamtazama yeye, nafasi ya kijana iko wazi, na wenzake wamesimamisha kazi. Akikaa kimya, ukimya unamgharimu, kwa hiyo ataripoti hata kwa kujihurumia mwenyewe. Kwetu hospitali inalipwa na bima. Mshahara unatoka Hazina kama kawaida. Kazi ya mgonjwa anakaimishwa mwenzake, bila posho, na mwenzake atanung'unika chinichini tu. Hakuna kifungu cha bajeti kitakachotikisika. Jeraha linafunikwa kila upande, na aliyebaki nalo ni mwenye mguu.

Hilo ndilo limenifanya niandike. Watu husema tatizo ni watumishi kutojua haki zao, wapewe semina. Wapewe, sikatai, na soda juu. Lakini afisa ugani wangu alijua cha kutosha kuja kuulizia fomu. Asiyefanya kazi yake alikuwa mwajiri, na mwajiri siku ile alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Kuna na woga. Ukiripoti ajali kwenye ofisi ya umma unaonekana kama unajishtaki. Nilikwenda zahanati moja kukagua mahudhurio, nesi akanivuta pembeni kwenye kichumba cha kuhifadhia chanjo, akanionyesha kidole gumba. Hapakuwa na kitu cha kuona. Siku mbili nyuma, usiku, yuko zamu peke yake, mama anajifungua huku taa ya sola inakaribia kuzima, alijichoma na sindano iliyokwisha kutumika. Nikamuuliza kama ameandika.

"Afisa, nikiandika nitaulizwa kwa nini sikuwa makini. Nitaambiwa nitoe maelezo."

Kila mtumishi wa umma anajua uzito wa hayo maneno mawili, *toa maelezo*. Ni mwanzo wa faili la nidhamu. Basi mtu anaona heri akae na hofu yake kuliko kuandikiwa barua. Wakati huo dawa za kinga ya VVU baada ya kuchomwa zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na zinamezwa siku 28. Nesi alizianza siku ileile, kwa sababu nilimpakia kwenye gari nikampeleka kituo cha afya. Ila kwenye daftari la matukio la zahanati ukurasa ulikuwa mweupe tangu lilipofunguliwa. Mganga mfawidhi alijivunia weupe huo: hatujawahi kupata ajali hapa. Zahanati yenye wazazi kila usiku na wahudumu wawili, haijawahi kupata ajali!

Halafu kuna njia ya barua, ambayo mtu asiyefanya kazi serikalini hawezi kuiamini. Sheria inampa mwajiri siku 7 kupeleka taarifa kwa Mfuko tangu aliposikia habari za ajali. Sasa mwalimu wa kata ya mbali aangukiwe na kenchi la darasa. Anaandika barua kwa mkurugenzi, kupitia kwa mkuu wa shule, kupitia kwa afisa elimu kata, kupitia kwa afisa elimu wa wilaya. Kila "kupitia" ina muhuri wake, na kila muhuri una mwenyewe, na mwenyewe yuko semina. Nimewahi kuishika barua ya namna hiyo yenye mihuri minne. Wa kwanza ulikuwa wa siku ya pili baada ya ajali, wa mwisho ulikuwa wa wiki ya saba. Pembeni kila mkubwa ameandika kwa kalamu ya rangi yake: *tafadhali shughulikia*. Hakuna hata mmoja aliyeshughulikia. Ilipofika masijala ikafungwa kwenye faili binafsi la mwalimu, namba ya folio ikaandikwa vizuri, na hapo ikawa imeshughulikiwa.

Dawa yake haihitaji mradi wala wafadhili. Taarifa ya ajali iende moja kwa moja kwa afisa utumishi siku ileile, hata kwa simu, na wakubwa wa katikati wapewe nakala. Mkurugenzi anaweza kuliamua hilo kwa waraka wa nusu ukurasa. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wapewe taarifa yao bila kusubiriana. Ajali ya barabarani ina fomu ya polisi, PF3, itunzwe kopi. Na msimamizi wa eneo la tukio aandike mistari mitano wakati damu haijakauka: nani, wapi, saa ngapi, alitumwa na nani kufanya nini, nani aliona.

Hapo kwenye *alitumwa na nani* ndipo madai mengi yanapokufa, maana siku hizi tunatumana kwa simu. "Pita pale Kijiji fulani uone hao wakulima." Hakuna barua, hakuna ruhusa ya safari, kitabu cha kutoka ofisini kina saini ya mwezi uliopita. Mtu anavunjika na ushahidi wa kwamba alikuwa kazini uko kwenye kumbukumbu ya bosi, na bosi amehamishiwa mkoa mwingine. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, jambo jema kabisa. Lakini ukimpa mtu pikipiki umempa pia nafasi ya kuanguka nayo, na sikumbuki mtu yeyote kwetu aliyegawa daftari la safari pamoja na ufunguo.

Bosi mmoja aliwahi kunipinga kwamba tukifungua mlango huu kila mwenye maumivu ya mgongo atasema kaupata kwenye kiti cha ofisi. Wapo, nakubali. Lakini kupima si kazi yetu, Mfuko una madaktari wake na wachunguzi wake. Sisi si hakimu wa tukio, ni karani wake. Karani anayekataa kuandika kwa kuwa anahisi mlalamikaji ni mwongo ameshatoa hukumu bila kusikiliza.

Nisiwasahau wanaolipwa kwa mapato ya ndani: walinzi, waendesha mitambo, vijana wa mkataba wanaokaa kwenye geti la mazao na mashine ya POS ya kukusanyia ushuru usiku kucha, ambao wenye malori huwashushia kipigo. Hawa hawamo kwenye orodha ya mishahara ya Hazina, kwa hiyo mchango wao halmashauri inapaswa kuuingiza kwenye hesabu yake yenyewe. Waulize wahasibu kama unaingia. Mimi nilipouliza kwetu, nilijibiwa kwa kikohozi.

Na wanaokufa. Mwalimu anapata ajali akienda kusimamia mtihani, anazikwa, halmashauri inatoa jeneza na gari la kusafirisha mwili, afisa elimu anasoma salamu. Mjane anaongozwa vizuri kwenye mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kwa kuwa hayo kila mtu anayajua. Kwamba kuna malipo mengine ya wategemezi kwa kuwa mume alifia kazini, hakuna anayemwambia. Na yeye atajuaje? Hajawahi kuwa mtumishi.

Yule afisa ugani alirudi mwezi wa tisa tangu aanguke. Magongo yameisha, lakini goti lilikuwa limekataa kukunja kabisa, pikipiki hawezi tena kuipanda, na shemeji yake anayefanya kazi kiwandani Morogoro alikuwa amemfungua macho. Safari hii hakuuliza habari za fomu. Alisema, "Afisa, naambiwa nina miezi kumi na miwili ya kudai, na tisa imekwenda." Alikuwa sahihi, na hakunitazama usoni.

Tukaanza kutafuta ushahidi. Barua ya kumtuma haikuwepo. Kitabu cha kutoka hakikuwa na jina lake. Mkuu wake wa idara alikwisha kuhama, na kwa simu alisema anakumbuka kwa mbali. Kilichotuokoa ni karatasi ya mahudhurio ya shamba darasa: wakulima kumi na wanne, majina, saini, wengine dole gumba, tarehe juu kwa mwandiko wake mwenyewe. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko wa mbegu, ina doa la tope lenye umbo la kidole. Tukaipiga kopi, tukaambatisha PF3 na taarifa za daktari, tukatuma.

Kabla madai hayajatoka ofisini, mkurugenzi alilisoma faili lote, akaona tarehe ya ajali na tarehe ya siku ile. Akaandika juu ya jalada kwa wino mwekundu: *Afisa Utumishi, toa maelezo kwa nini taarifa imechelewa miezi tisa.*

Nilikaa na karatasi nyeupe mbele yangu mpaka saa ya chai. Nilikuwa na sababu nyingi: mafaili ya madaraja, upungufu wa watumishi, idara kutoleta taarifa, zote za kweli. Mwishowe nikaandika mstari mmoja, kwamba alikuja ofisini kwangu wiki ya pili baada ya ajali, nikamwambia ana kadi ya bima.