Sidukui simu za wapenzi wenu

Ukishasema tu unafanya utafiti wa usalama wa kompyuta, umekwisha. Shangazi anakuvuta pembeni harusini: "Mwanangu, hebu niingilie WhatsApp ya huyu mume wangu." Shangazi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na atakayepandishwa kizimbani ni mimi! Ukikataa, anasonya: "Kumbe kusoma kote huko bure."

Kazi yenyewe haina hata mvuto wa umbea. Kutwa nasoma msimbo wa programu ulioandikwa na wengine, nikitafuta makosa. Kampuni imetupa idhini ya kupima mfumo wake, nabadilisha namba ya ankara 1041 kuwa 1042 kwenye anwani ya ukurasa, na ankara ya mteja mwingine inafunguka, jina na namba ya simu vikiwa peupe. Naandika ripoti. Jibu? "Mteja wa kawaida hawezi kufanya hivyo." Kwani mwizi naye ni mteja wa kawaida?

Jumamosi nataka kuchokonoa kufuli zangu za zamani (ndiyo, ni starehe yangu, niacheni) kabla ya mechi ya Simba na Yanga. Simu inaita. Jirani. Printa yake haichapi. Printa, jamani!