Ng'ombe akirudia joto, mtungi nao uulizwe

Ng'ombe kahimilishwa, yaani katiwa mbegu ya dume kwa mrija badala ya kupandwa, siku 21 zimepita, kaonekana tena kwenye joto: mimba haikushika. Mfugaji analalamika kwamba mbegu ilikuwa mbovu. Mhimilishaji anamjibu kwamba alichelewa kuita. Ubishi huishia hapo, na neno la mwisho karibu kila mara huwa la mhimilishaji.

Jibu lake lina msingi. Yai hutoka kama saa 24 hadi 32 tangu ng'ombe aanze kusimama akipandwa na wenzake, na likishatoka halidumu hata siku nzima. Ndiyo maana anayeonekana joto asubuhi huhimilishwa jioni, na wa jioni huhimilishwa kesho yake asubuhi. Saa ikikosewa, mbegu ya dume bora haiokoi kitu. Na dalili hukosewa sana, hasa ng'ombe akiwa peke yake zizini, hana mwenzake wa kumpanda. Yote hayo nayakubali. Kinachoniuma ni kwamba mfugaji anahojiwa kuhusu saa, mtungi wa baridi unaohifadhi mbegu hauhojiwi kuhusu lolote.

Mrija wenye mbegu ukizama kwenye naitrojeni ya kimiminika iliyomo mtungini, nyuzi 196 chini ya sifuri, mbegu hudumu miaka na miaka. Hatari inaanza pale kikombe kinachobeba mirija kinapoinuliwa. Mrija wa mililita 0.25 ni mwembamba kuliko penseli, hivyo hupata joto upesi mno. Ukipanda hadi kama nyuzi 130 chini ya sifuri na kuendelea, barafu iliyomo huanza kujipanga upya kuwa fuwele kubwa zinazochana utando wa mbegu. Kuurudisha kwenye baridi hakuponyi kilichochanika, na kila ukiinuliwa tena madhara yanajumlishana.

Niliwahi kusimama kando ya mtungi juani. Kikombe kilikuwa kimetolewa juu kabisa ya shingo, mikono ikichambua mirija mmoja mmoja ili kusoma jina la dume. Uliochaguliwa uliyeyushwa vizuri, kwenye maji ya nyuzi 35 yaliyopimwa kwa kipimajoto. Mingine ikarudishwa ndani. Ng'ombe wa siku ile pengine alishika mimba. Walioumia ni wa wiki iliyofuata, ambao wafugaji wao waliambiwa walichelewa kuita.

Watu wa vituo vya madume husema mbegu zao zimepimwa, na ni kweli: mirija michache ya kila fungu, yaani mirija iliyotengenezwa pamoja, huyeyushwa na kutazamwa kwa hadubini, fungu lenye mbegu dhaifu hutupwa. Lakini kipimo hicho kinahusu mrija kabla haujaanza safari. Tena mbegu kukimbia vizuri chini ya hadubini si hakikisho kwamba italirutubisha yai. Zipo kasoro za kichwa cha mbegu na za vinasaba vyake ambazo hata kuongeza wingi wa mbegu hakuzifidii.

Sasa tazama hesabu, maana hapa ndipo mfugaji mdogo anapoonewa. Chukua mtungi mzuri, ng'ombe 6 kati ya 10 wanashika. Chukua mwingine ulioshikwa ovyo, wanashika 4. Mtungi mbovu bado unatoa ndama, kwa hiyo hakuna anayeushuku. Mwenye ng'ombe wawili, kwa mtungi mzuri, ana uwezekano wa asilimia 16 wa kuwakosa wote wawili. Kwa mtungi mbovu, asilimia 36. Akiwakosa wote, hawezi kujua kaangukia wapi. Hata akae mwaka mzima akiandika daftari, ng'ombe wawili hawamtoshi kuthibitisha chochote.

Anayeweza kujua ni yule anayehimilisha mamia. Kwenye mrija huandikwa dume na tarehe au namba ya fungu. Akiziandika pamoja na waliorudia joto, fungu lililoharibika litajitokeza lenyewe: ng'ombe wa wafugaji watano wasiojuana hawawezi wote kuwa waliitiwa mtu kwa kuchelewa. Kwa nini basi mzigo wa ushahidi abebeshwe mwenye ng'ombe wawili?

Likijitokeza fungu la namna hiyo, mrija mmoja uyeyushwe na utazamwe kwa hadubini kabla mwingine haujaingizwa kwenye ng'ombe wa mtu. Na mfugaji akiomba kijiti cha kupimia kina cha naitrojeni kichovywe mbele yake, aone kama mirija bado imezama, kichovywe.