Washauri wa uwekezaji Ulaya: mtihani peke yake unatosha?

Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 2008, Ujerumani kuna wastaafu kibao walikuta akiba zao zimeyeyuka, maana walishauriwa na watu wa benki zao, watu waliowazoea miaka na miaka, wanunue setifiketi za hiyo benki ya Marekani, yaani karatasi za uwekezaji ambazo benki ikianguka na hela yako inaenda nayo. Hispania nako wazee waliuziwa zile zinazoitwa preferentes, aina ya hisa za benki zisizo na tarehe ya kurudishiwa hela, kwenye matawi ya benki ya mtaani kwao, wengine wakidhani ni kama kuweka hela fiksidi. Kila nikisoma habari hizi najiuliza, yule aliyekaa upande wa pili wa meza alikuwa hajui anachouza, au alijua vizuri tu? Maana dawa zake hazifanani kabisa.

Ulaya wamelikazania zaidi la kutojua. Sheria ya MiFID II, yaani sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya uwekezaji, iliyoanza kutumika tarehe 3 Januari 2018 inataka kampuni iweze kuithibitishia mamlaka kwamba kila anayeshauri wateja ana ujuzi, na mwongozo wa ESMA, yaani msimamizi wa masoko wa Umoja wa Ulaya, unadai elimu inayofaa pamoja na uzoefu wa angalau miezi 6, asiyetimiza anafanya kazi chini ya uangalizi kwa muda usiozidi miaka 4. Ila namna ya kuupima huo ujuzi kila nchi ikaachiwa yenyewe. Hispania wakaweka masaa 150 ya mafunzo kwa mshauri na 80 kwa anayetoa maelezo tu, Ufaransa wana mtihani wa AMF, msimamizi wa masoko wa huko, ambao lazima upate 80%. Na kampuni yenye leseni ya nchi moja inaruhusiwa kuhudumia wateja wa nchi nyingine, kwahiyo mteja hana namna ya kujua mshauri wake amepikwa kwenye jiko gani. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ikapendekeza angalau masaa 15 ya mafunzo kila mwaka, na hilo mi naliunga mkono moja kwa moja.

Wanaopinga nao wana hoja. Mtu ameshauri wateja miaka 20 bila lalamiko hata moja, leo umwambie akakae darasani na vijana, na ada za mitihani na kozi mwisho wa siku zinarudi kwa mteja. Halafu, na hii ndo nzito kwangu, mtihani hauwezi kukwambia jamaa atafanya nini siku akiona bidhaa yenye kamisheni kubwa kuliko zingine.

Uingereza walienda mbali zaidi, mwishoni mwa 2012 walipandisha kiwango cha elimu hadi Level 4, ambayo ni kama mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, wakaweka masaa 35 ya kujiendeleza kila mwaka, na wakati huohuo wakapiga marufuku kamisheni kwenye ushauri wa uwekezaji. Uholanzi wakapiga marufuku yao kwenye huduma za uwekezaji 2014. Hapo ndo naona wametibu magonjwa yote mawili, la kutojua na la kuvutwa na kamisheni. Lakini gharama ipo na tusiifiche: mshauri akianza kulipwa na mteja mwenyewe, mwenye hela kidogo anashindwa au anaona bora aache, na kufikia 2015 serikali ya Uingereza na msimamizi wake FCA ilibidi waanzishe tathmini nzima kuhusu watu waliobaki bila ushauri.

Hata hivyo nikipima, bora nikose ushauri kuliko kupewa ushauri uliolipiwa na mwenye bidhaa, ingawa najua kwa mwenye akiba ndogo kuna mfumuko wa bei unaomla kimyakimya, kwahiyo siwezi kusema pengo hilo ni dogo. Ila halizibwi kwa kulegeza mtihani, linazibwa kwa kutengeneza ushauri mwepesi na wa bei nafuu kwa mahitaji ya kawaida, unaotolewa na watu waliosoma.

Na ndugu zetu mnaoishi huko, mkiitwa benki kuongelea hela zenu, MiFID II inamtaka mshauri awaambie kabla ya kuanza kama ushauri wake ni huru au la. Akisema ni huru, haruhusiwi kubaki na kamisheni ya mwenye bidhaa. Akisema sio huru, muulizeni analipwa na nani na kiasi gani, kabla hamjasaini chochote.