Vigezo vya roboti ya soko: kilele au uwanda?

Anayejenga mfumo wa kununua na kuuza kwa kanuni, iwe sarafu, hisa au dhahabu, lazima aamue namba zake, yaani vigezo, atazipataje. Wapo wanaoiachia kompyuta ijaribu mamia ya namba kwenye data za nyuma, kisha wanachukua iliyoleta faida kubwa. Wengine huchagua namba kwa hoja, wakaziacha hapo na wasiziguse tena. Mabishano haya ni ya zamani, na pande zote mbili zina la kusema.

Tuchukue mfumo unaofahamika. Nunua bei ikivuka kilele cha siku 20, toka ikishuka chini ya bonde la siku 10, weka kikomo cha hasara umbali wa ATR mbili (ATR ni wastani wa mwendo wa bei kwa siku). Ni ukoo mmoja na kanuni ambazo Richard Dennis na William Eckhardt walianza kuwafundisha wanafunzi wao huko Chicago mwaka 1983. Vigezo ni vitatu tu. Lakini ukiiagiza MetaTrader, programu ya kufanyia biashara sokoni, ijaribu siku za kuingia kuanzia 10 hadi 60 kwa hatua ya 5, siku za kutoka kuanzia 5 hadi 30 kwa hatua ya 5, na kikomo kuanzia ATR 1 hadi 4 kwa hatua ya 0.5, umeomba majaribio 462. Hata kama bei zingekuwa za kubahatisha tupu, kwa kipimo kinachoruhusu bahati tupu kupita mara 5 kwa 100 ungetarajia takriban 23 yatoke yakipendeza. Ripoti inapanga lililo bora juu kabisa, nalo ndilo watu hulikimbiza kwenye akaunti. Mfumo wa namna hiyo haujajifunza soko, umekariri data.

Mfano mkali ni faranga ya Uswisi. Kuanzia tarehe 6 Septemba 2011 benki kuu ya nchi hiyo ililinda euro isishuke chini ya faranga 1.20. Roboti iliyotafutiwa vigezo kwa data za 2012 hadi 2014 ingeambiwa inunue karibu na 1.20 na isogeze kikomo cha hasara mbali, kwa sababu kwenye data hizo kikomo cha karibu kilikula faida tu. Tarehe 15 Januari 2015 benki iliondoa ulinzi, na ndani ya dakika chache euro ikawa chini ya faranga moja. Oda za kukomesha hasara zilitekelezwa mbali sana na bei zilikowekwa. Broka Alpari wa Uingereza alifilisika.

Wanaopinga kompyuta hupenda mfano huu, lakini unawakata na wao. Anayechagua kwa hoja naye angenunua karibu na 1.20, tena kwa hoja nzuri: benki kuu inalinda. Na hizo siku 20 na 10 wanazoziita za busara ziliwahi kuchaguliwa na watu waliotazama bei za nyuma. Tunazikumbuka kwa sababu zilizoshindwa zimesahaulika. Isitoshe, asiyejaribu namba za jirani hawezi kujua kama 20 yake imesimama kwenye ardhi au hewani.

Kwa hiyo pima, ila usome ramani nzima badala ya mstari wa kwanza. Kama 15, 20, 25 na 30 zote zina faida zinazokaribiana, huo ni uwanda. Chukua namba ya katikati, hata kama si ya juu kabisa. Kama 20 inapaa huku 15 na 25 zikila hasara, acha. Chati ya pande tatu ya MetaTrader 5 inaonyesha hali hii kwa macho. Kisha tafuta vigezo kwa miaka minne, vijaribu kwa mwaka wa tano ambao kompyuta haijauona, sogeza dirisha mwaka mmoja mbele, rudia. Faida ya miaka ya majaribio ikiwa chini ya nusu ya ile ya mafunzo, mashaka ni halali. Ukishachungulia mwaka wa majaribio na kurekebisha kanuni, mwaka huo umeingia kwenye mafunzo; hauwezi tena kukupa ushahidi.

Makosa mengi, hata hivyo, huanzia kwenye data yenyewe. Kuna broka ambao seva zao huchora mshumaa (alama ya bei za siku moja kwenye chati) mdogo wa Jumapili. Wiki inakuwa na mishumaa sita, hivyo "siku 20" ni wiki tatu na kidogo badala ya nne. Mshumaa huo mfupi unashusha ATR, kikomo kinasogea karibu, na oda, ambayo ukubwa wake hukokotolewa kwa umbali wa kikomo, inakuwa kubwa kuliko ulivyokusudia. Roboti ileile kwa broka wawili inakuwa mifumo miwili.

Spredi nayo, yaani pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Kijaribio cha MetaTrader 4 hutumia spredi moja isiyobadilika, wakati sokoni hupanuka siku inapofungwa New York, yaani saa sita au saa saba usiku kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam kutegemea msimu. Mfumo wa chati za siku hauumii sana. Mfumo wa dakika tano unaopata wastani wa pipsi 3 (pipsi ni kipimo kidogo cha mwendo wa bei) kwa oda, ukitoa spredi ya 1.5 na mteleko (tofauti ya bei uliyoomba na uliyopata) wa 0.5, unabaki na 1, na usiku hata hiyo inapotea.

Halafu mtaji. Euro kwa dola ikiwa na ATR ya pipsi 70, kikomo ni pipsi 140, na loti (kipimo cha ukubwa wa oda) 0.01 inahatarisha dola 14. Akaunti ya dola 5,000 inayohatarisha asilimia 1 inafungua loti 0.03. Akaunti ya dola 200 inahatarisha asilimia 7 kwa oda ndogo kuliko zote. Huyo anahitaji akaunti ya senti (inayohesabiwa kwa senti, hivyo oda huwa ndogo zaidi), si vigezo vipya.

Mfumo unaoshinda mara 40 kwa 100 una karibu nafasi nusu ya kupata hasara nane mfululizo ndani ya oda 100. Changanya mpangilio wa oda za jaribio mara 1,000, uone mporomoko (kushuka kwa akaunti kutoka kilele chake) ulio mkubwa kuliko wa michanganyo 95 kati ya kila 100, uandike kabla ya kuwasha roboti. Kabla ya kufika hapo usiguse vigezo, ukipita, izime.